Kamera Ijayo Haina Picha

"Kamera ijayo haina picha."

Bibi Nakiete aliyasema maneno hayo bila kuinua uso, huku akiparuza maganda ya tangawizi kwa ncha ya kijiko. Wajukuu wake wawili, Mbonea na dada yake Nanzia, walikuwa wamekaa naye uani wakimsaidia kazi hiyo, na tangu asubuhi walikuwa wakibishana juu ya simu. Simu ya Mbonea ilikuwa imepasuka kioo, nayo ikizimika inapotaka. Nanzia alimwambia anunue iliyopo dukani. Mbonea alisema hapana, mwezi wa tisa inatoka nyingine yenye betri ya kudumu, na hata hiyo huenda akaiacha ipite, maana wanaojua wanasema ya mwakani ndiyo yenyewe.

"Kamera gani tena, Bibi?" Mbonea aliuliza. "Mimi nasema simu."

"Nimesikia simu. Jibu ni lile lile."

Nanzia alicheka. "Lakini hiyo si methali, Bibi. Methali zina mbuzi na vyungu. Zimepata wapi kamera?"

"Hii ina kamera kwa sababu ilizaliwa hapa hapa Vunduni, na ilipozaliwa mimi nilikuwa mtu mzima. Aliyeileta alikuwa shemeji yangu, mume wa dada yangu Niwaeli. Badilisheni maji kwenye beseni, halafu msikilize ilivyoanza."

Ilianza hivi.

Katika milima hii ya Upare, kabla umeme haujapanda kufika huku, palikuwa na mpiga picha mmoja tu, naye aliitwa Elinihaki. Hakufundishwa na mtu. Kamera yake aliinunua kwa mmisionari aliyekuwa akirudi kwao, na kitabu cha kuitumia kilikuwa kimechanika jalada, akakisoma taratibu mpaka akakielewa. Alikuwa mtu wa utaratibu. Alisafisha kioo kabla ya picha na baada ya picha. Mtu akimwuliza jambo, hakujibu papo hapo. Alilipima kwanza, na watu walimheshimu kwa hilo.

Kamera ile ilikuwa na kilema kimoja. Jicho lake lilifumba polepole. Aliyepigwa picha ilimpasa atulie kama kigingi, asipepese, asitabasamu, maana akitikisika kidogo tu alitoka na nyuso mbili. Ndiyo sababu mkiingia katika nyumba za zamani za kijiji hiki mtaona wazee ukutani wamenuna wote, kana kwamba kijiji kizima kilipigwa picha siku ya msiba mmoja.

Studio ilikuwa uani kwake, kwa kuwa mwanga ulikuwa huko. Nyuma ya kiti cha mteja ilitandazwa shuka ya bluu. Upande mmoja ilifungwa kwenye nguzo, na upande wa pili ilishikwa na mkewe, Niwaeli, kwa kuwa upepo wa mlimani haukuiacha itulie. Alisimama nyuma ya shuka, mikono juu, akiivuta isikunjamane. Mteja hakumwona, lakini alimsikia.

"Mzee Kiondo, fungua uso basi! Hukuja kulipa kodi!"

Mzee Kiondo aliangua kicheko, na picha ikaharibika.

"Mama Namsifu," Elinihaki alimlalamikia mkewe kwa sauti yake ya chini, "huu mkanda una bei."

"Na kicheko cha Mzee Kiondo je? Umekisikia lini mara ya mwisho?"

Vidole vya Niwaeli vilionekana katika kila picha, juu pembeni, vimeng'ang'ania ukingo wa shuka. Elinihaki hakupenda kazi chafu. Kila picha ilipokauka aliipunguza kwa mkasi upande ule, ikatoka safi, mteja peke yake na bluu yake.

Mke mwenyewe alimpiga mara moja tu, mwanzoni mwanzoni. Alimkalisha kwenye kiti, akamwomba atulie. Niwaeli alijitahidi. Aliuma midomo, akavimbisha mashavu, halafu akapasuka kwa kicheko, na katika picha akatoka na vinywa viwili na jicho moja refu. Aliicheka picha hiyo mpaka machozi. Elinihaki hakucheka. Aliitazama sana, kisha akaitia motoni pamoja na negativu yake, kile kipande cha mkanda kilichoizaa.

"Huyu si wewe," alisema. "Wewe unataka kamera yenye jicho la haraka. Nitaipata. Nitakupiga ukiwa unacheka, na nitakutundika pale mbele, kila anayeingia akuone."

Tangu siku hiyo alianza kutafuta. Mjini Same palikuwa na muuza vifaa, Bwana Hirani, aliyempa katalogi zilizotoka ng'ambo. Elinihaki alizisoma kama watu wanavyosoma Maandiko. Ya kwanza iliyomfaa ilikuwa na jicho la haraka kweli, na Bwana Hirani alikuwa nayo kabatini. Elinihaki aliishika, akaipima mkononi, akairudisha. Kwenye ukurasa wa nyuma wa katalogi palikuwa na habari kwamba inakuja nyingine, yenye jicho la haraka zaidi na inayojipimia mwanga yenyewe. Kwa nini mtu anunue leo kitu ambacho kesho kitakuwa kimepitwa?

Hiyo nyingine ilikuja. Ilikuwa nzuri, lakini kulikuwa na fununu ya ijayo. Ijayo nayo ikafika, na kabla hajatoa pesa mfukoni akasikia kwamba huko mbele zinakuja kamera zisizotumia mkanda kabisa, picha unaiona hapo hapo.

Msimcheke. Hakuwa mjinga wala mchoyo, na pesa alikuwa nayo. Kila aliposema ijayo itakuwa bora, ilikuwa bora kweli. Hakukosea hata mara moja. Na huko kutokosea ndiko kulikomshika mguu.

Sifa yake ikaenea. Mtu akitaka redio, au televisheni ya betri, alipanda kwanza kwa Elinihaki amwulize anunue au asubiri. Mara nyingi alishauriwa kusubiri. Vijana wakampa jina, wakamwita Mzee Ijayo. Kijana mmoja mtundu alimsimamisha hadharani sokoni. "Mzee Ijayo, nishauri. Nimepata mchumba. Nioe huyu, au kuna mwingine anatoka Januari?"

Watu walicheka, naye alitabasamu. Niwaeli, aliyekuwa akipanga ndizi pembeni, alidakia: "Oa, mwanangu! Ukimsubiri wa Januari, huyu ataolewa Desemba!"

Njiani wakirudi nyumbani, Niwaeli alimwambia mumewe, "Wenzangu wote wana picha ukutani. Mimi mke wa fundi sina. Baba Namsifu, mimi si mashine. Mwakani sitoki mpya."

"Najua. Ndiyo maana sitaki kukuharibu."

"Nipige hata nikiwa nimenuna."

"Nikikupiga ukiwa umenuna, nitakuwa nimempiga nani?"

Alimaanisha hivyo. Alimpenda mwanamke yule.

Mwaka ambao Bwana Hirani alisema kamera isiyo na mkanda itafika mwezi wa saba bila shaka yoyote, Niwaeli alianza kuumwa tumbo. Walimshusha hospitali, wakamrudisha, wakamshusha tena. Daktari alizungumza na Elinihaki pembeni, maneno machache. Alipotoka hapo alikuwa anatembea kama mtu aliyevaa viatu vya mwenzake.

Niwaeli alilazwa kwenye kitanda cha chumba cha mbele, penye dirisha. Hakucheka tena. Alikaa ameegemea mto saa nzima bila kutikisa hata kidole, jua la asubuhi likimpiga shavuni. Elinihaki aliliona jambo hilo. Jicho la fundi haliwezi kuacha kuona. Mwanga ulikuwa mzuri, na mkewe alikuwa ametulia kuliko mteja yeyote aliyepata kumkalisha. Kamera ile ya zamani, iliyomshindwa miaka yote, sasa ingemweza.

"Ilete," Niwaeli alisema siku moja. Alikuwa ameyaona macho ya mumewe. "Leo sitakuharibia mkanda."

Elinihaki aliinuka. Alifika mpaka kwenye kabati, akaifungua kamera, akaisafisha kioo. Kisha akaifunga tena.

"Umekonda, Mama Namsifu. Pata nguvu kwanza. Mwezi wa saba si mbali, na utakuwa unacheka."

Niwaeli alimtazama kwa muda. Aligeuza uso, akatazama dirishani.

Alifariki mwezi wa tano, kabla ya mvua kuisha.

Mnajua desturi yetu. Jeneza haliondoki nyumbani hivi hivi. Mbele yake hutangulia mtu aliyebeba msalaba, na mwingine aliyebeba picha ya marehemu, ili njia nzima watu wajue wanamsindikiza nani. Namsifu, binti yao, alifika kutoka Tanga na fremu nzuri ya mninga aliyoinunua njiani. Alimkuta baba yake chumbani.

"Baba, nipe picha ya mama niiweke. Mchungaji ameshafika."

Elinihaki aliitazama fremu ile.

"Baba. Picha."

"Hakuna, mwanangu."

"Hakuna kubwa? Nipe hata ndogo."

"Hakuna yoyote."

Namsifu alisimama na fremu yake kifuani. "Umempiga picha kila mtu wa kijiji hiki. Umempiga Mzee Kiondo na punda wake. Unaniambia nini?"

Baba yake aliinama. Alivuta makasha ya negativu kutoka chini ya kitanda, akaanza kuziinua moja moja kwenye mwanga wa dirisha. Namsifu alipiga magoti, akamsaidia. Waombolezaji nje walianza wimbo, wakaumaliza, wakaanza mwingine. Katika negativu walipita maharusi, wabatizwa, wazee walionuna. Nyuma ya kila mmoja ilikuwapo shuka, na juu ya ukingo wa shuka, pembeni kabisa, vidole vinne.

Namsifu ndiye aliyeviona kwanza. Alichukua negativu nyingine, kisha nyingine.

"Baba, hivi ni vidole vya mama?"

"Ndiyo."

"Viko kila mahali. Mbona kwenye picha za watu, ukutani, sijapata kuviona?"

"Nilikuwa navikata."

Namsifu alimtazama baba yake. Labda alitaka kusema neno baya, na labda lingekuwa haki. Lakini alimwona mzee bado ameinua negativu moja kwenye mwanga, akaiweka fremu sakafuni, akatoka.

Jeneza liliondoka na msalaba peke yake. Siku zile hata kadi za kura hazikuwa na picha, na kamera nyingine haikuwapo kijijini. Nyumba zote walizozipita njiani zilikuwa na picha ukutani, na katika kila picha Niwaeli alikuwapo siku ilipopigwa, amesimama mikono juu nyuma ya kitambaa. Hakuwamo hata katika moja.

Mwezi wa saba kamera ilifika, kama Bwana Hirani alivyoahidi. Hakukuwa na uongo wowote. Elinihaki aliinunua, akaifungua kwa utaratibu wake, akasoma maelezo yote, akaijaribu. Jicho lake lilikuwa la haraka mno. Alimpiga kuku akiruka ukuta, na kuku akatoka na kila unyoya wake, amesimama hewani. Aliitazama picha ile ya kuku mpaka kioo kikazimika chenyewe. Kisha akaketi kwenye kiti cha wateja, akaegemeza kichwa nguzoni, na waliokuja siku hiyo kupigwa picha walirudi makwao.

Hakuitumia tena. Kazi aliiacha. Baada ya muda alikuja kijana mmoja kutoka bondeni, asiyejua habari zake, akauliza nyumba ya Mzee Ijayo ni ipi. Alitaka kujua anunue kamera iliyopo au asubiri inayokuja. Majirani waliona haya, wakataka kumfukuza. Elinihaki aliwazuia. Alilifikiria swali lile kama alivyofikiria maswali yote, bila haraka.

"Inayokuja itakuwa bora," alimwambia. "Usimsikilize atakayekudanganya kwamba haitakuwa bora. Lakini kamera ijayo haina picha."

Kijana hakuelewa, akashukuru, akaondoka. Waliokuwapo walielewa. Neno likashuka naye mlima, likasemwa juu ya redio, juu ya mashine za kusaga, juu ya pikipiki, mpaka likafika kwa watu wasiojua kwamba lilitoka kwenye kinywa cha mtu.

Hapo hadithi ya Bibi Nakiete ikaishia. Kijiko kilikuwa kimesimama mkononi. Mbonea alikuwa ameiweka simu yake chini, kioo chake kilichopasuka kikiangalia juu.

"Na yeye Mzee Elinihaki?" Nanzia aliuliza.

"Alikufa. Namsifu naye ametangulia. Na watu wa rika letu wamekwisha."

"Basi tueleze wewe, Bibi. Alikuwa na sura gani, bibi Niwaeli?"

"Dada yangu?" Bibi Nakiete aliinua uso kwa mara ya kwanza. "Alikuwa maji ya kunde, hivi. Si mrefu sana. Uso wake ulikuwa..." Mkono wake uliinuka hewani, kama wa mtu anayetaka kushika shavu la mwenzake, ukabaki hapo. "Macho yake..."

Walimsubiri. Midomo yake ilitembea kidogo. Alifumba macho, akayakaza, akayafumbua.

"Sauti bado ninayo," alisema hatimaye. "Kucheka kwake ninakusikia mpaka leo. Lakini uso ulikuwapo hapa mpaka juzijuzi, na sasa kila nikiutafuta ninamwona Namsifu, au ninajiona mimi mwenyewe." Aliushusha mkono. "Nikiondoka mimi, hakuna tena mahali alipo."

Maji ya beseni yalikuwa yametulia, na udongo wa tangawizi umezama chini. Bibi Nakiete aliokota tangawizi nyingine, akaigeuza mkononi asijue aanzie upande gani.

"Ndiyo hiyo," alisema polepole. "Kamera ijayo haina picha."