Barua Iliyokunjwa

Jumatano, tarehe kumi na nne Agosti 1991, saa nne asubuhi, ndipo mambo yalipoharibika hapa Kwemkole. Mmemsikia shangazi yenu akisema, "Barua iliyokunjwa hainyooshewi mkono," mkaniuliza imetoka wapi. Imetoka humu nyumbani mwangu. Methali hii ilianza hivi.

Ulikuwa mkutano mkuu wa kijiji. Mwenyekiti wetu, Shemhilu, akasoma barua ya wilayani: barabara ya lami itapita kwetu, wananchi waamue kwa kura. Tukapiga makofi. Siku hizo ndizi tulizishusha mlimani kwa kichwa, nyingine zikiozea njiani.

Mke wangu, Mama Hoza, alikuwa ameketi mbele na wanawake wenzake. Akasimama.

"Mwenyekiti, karatasi umeikunja. Huko chini pameandikwa nini?"

"Mambo ya ofisi, mama. Mihuri na saini."

"Basi tusomee hiyo mihuri."

Watu wakacheka. Jirani yetu mmoja akadakia, "Shemeji, mpaka barabara ipite jikoni kwako ndipo uamini?" Wote wakanigeukia. Nikaona haya, mwanamume mzima.

"Mama Hoza, keti," nikamwambia. "Unatuaibisha."

Akaketi. Mikono ilipoitwa, tukanyoosha wote isipokuwa yeye.

Baada ya miezi miwili tingatinga likaja, likaanza kwa kuibomoa zahanati yetu. Tulipomkimbilia Shemhilu, ndipo alipoikunjua ile barua: barabara itapita penye zahanati, na zahanati nyingine haitajengwa.

"Mlikubali wenyewe," akasema. "Mikono nimeihesabu, mia mbili na sita."

Alijua tangu mwanzo. Wakubwa hujua, sisi hatuambiwi.

Masika yaliyofuata pumu ikambana Mama Hoza. Zamani angechomwa sindano palepale zahanati, akarudi kupika. Safari hii tulimlaza kando ya lami, tukangoja gari la kumpeleka mjini. Lami nzuri, nyeusi, haina hata shimo. Gari lilipofika, alikuwa amekwisha kukata roho.

Shemhilu alikuja mazishini na sanda. Sikumsalimia, na mpaka leo simsalimii.

Tangu hapo watu wakisomewa jambo nusu, hunong'onezana: barua iliyokunjwa hainyooshewi mkono. Wanaisema, kisha wananyoosha vilevile. Na mimi niliyemketisha mke wangu, nimewauliza mashehe, nimewauliza walimu: siku ile kura niliipiga mimi, au aliipiga yule aliyeikunja barua?