Hodi kwa Mwinyi

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa na milango na mikeka, siku moja walikuwepo sita: Simba, Fisi, Bi Nguchiro, watoto wake Chiku na Mosi, na jirani yao Mzee Kobe, aliyekuja kunywa uji kwa ajili ya kifua chake.

Sikilizeni basi, wanangu. Gu! Gu! Gu! Mlango wa kichuguu cha Bi Nguchiro ukatikisika.

"Bi Nguchiro!" akaita Fisi, Simba akiwa nyuma yake. "Toa watoto! Mkubwa ana njaa."

Bi Nguchiro akageukia nyuma ya nyumba. Shimo la kutokea nyuma lilikuwa bado dogo, na Mosi alikuwa na mwiba mguuni.

"Chimbeni," aliwanong'oneza.

Mzee Kobe angeweza kujificha gambani mwake. Hakujificha. Akakohoa kwa nguvu zake zote: "Khooo! Khooo!"

"Nani huyo?" akanguruma Simba.

Bi Nguchiro akapata la kusema. "Taratibu jamani! Mwinyi yumo ndani. Mnagonga bila hodi?"

Mwinyi kwao alikuwa mkuu wa mji. Aliyeingia alipo Mwinyi bila kukaribishwa alifukuzwa barazani maisha, hata awe na meno gani.

Simba akavua kofia. "Fisi! Unapiga mlango wa Mwinyi kama ngoma?"

"Lakini mkubwa, Mwinyi gani akae kichuguuni?"

"Nyamaza, huna adabu! Hodi!"

"Subirini, anafunga kilemba."

"Hodi!"

"Anatafuta kiatu cha pili."

Nyuma, chaku-chaku-chaku! Shimo likapanuka, Bi Nguchiro na Chiku wakapenya. Mosi akakwama shimoni. Mzee Kobe akamsukuma kwa gamba, polepole asimtoneshe mguu, nao wakamvuta mzee akatoka.

"Hodi!" Kimya.

Fisi akasukuma mlango. Ndani mkeka tu, na bakuli la uji wa moto.

"Mkubwa, tumepumbazwa na nguchi..."

"Na nani?" Simba alimkazia macho. "Nilisimama kofia mkononi mlangoni kwa nani?"

Fisi akajibu haraka: "Kwa Mwinyi, mkubwa. Tumemkosa, katoka."

"Hivyo hivyo. Na mji mzima uambiwe hivyo."

Fisi akautangazia mji mzima kwamba kile kichuguu ni kwa Mwinyi.

Wanangu, mwenye majivuno huutunza mwenyewe uongo uliomwaibisha.

Mosi alipona mguu, akakua kichuguuni mle mle, akaoa. Majirani walimwita Mosi Mwinyi, na watoto wake saba wakalichukua jina hilo.