Risasi Moja Kwenye Kitambaa cha Mafuta

Wapendwa, mtanivumilia, nitasema upesi upesi maana mwanangu amelala hapa mgongoni, na akiamka yeye ndiye atakayeendelea na ibada. Nimepewa nafasi ya mfano kabla ya neno, na mfano wangu ni wa mwindaji. Akina mama msinung'unike. Najua mambo ya kuwinda ni ya wale walioketi kule karibu na mlango, lakini subirini, mke wake yumo.

Basi palikuwa na mwindaji kijana, makazi yake kule kwenye miombo, kibali chake anacho, na gobore aliloachiwa na marehemu baba yake. Gobore mnalijua, linalishwa mdomoni. Unamimina baruti, unatia unachotaka kitoke, unashindilia kwa ufito wa chuma, ndipo unalenga. Ulichotia ndicho kitakachotoka. Gobore halikuchagulii.

Marehemu baba alikuwa na kalibu ndogo ya chuma, ya kumiminia risasi ya mviringo inayoenea sawasawa kwenye mtutu ule. Lakini kazi yake! Uyeyushe madini ya risasi, umimine, usubiri ipoe, uikwangue, halafu uivingirishe kwenye kitambaa kilichopakwa mafuta ya ng'ombe ili isicheze ndani. Kijana akaona, ah, nani ana muda huo? Akafanya kama wenzake. Mfuko wake wa ngozi ulijaa mchanganyiko: vipande vya nondo, misumari iliyokatwa, goroli za baiskeli, hata kitasa kilichovunjika kilikuwemo. Akiona mnyama anachota kiganja kizima, anatia, anashindilia, puu!

"Wewe jaza tu, bwana," wenzake walimwambia. "Vikiwa vingi, kimoja lazima kimpate."

Na kweli, kimoja kilimpata. Kilimpata pajani, au tumboni, mnyama akakimbia na maumivu yake akafia mbali, wakala fisi. Nyumbani mke amejifungua, mwili bado haujarudi, maziwa yanatoka kwa kubembelezwa, mtoto ananyonya anaacha analia, na kinachotakiwa ni supu. Supu hakuna.

Siku moja mke akamsindikiza kutafuta mnyama aliyejeruhiwa, mtoto mgongoni. Mnyama hawakumwona. Walichokiona ni mti wa mninga, na kwenye gome lake vile vyuma vimejichomeka, kimoja huku, kingine kule. Mke akagusa kimoja kwa kidole. Kilikuwa chini, usawa wa goti lake. Akakiangalia, akapeleka mkono nyuma akamshika mtoto mguu.

"Baba watoto, mnyama alipata kimoja. Hivi vingine huwa vinakwenda wapi?"

"Vinakwenda porini. Porini kuna nani?"

"Sijui. Na wewe hujui."

"Mke wangu, uzazi umekutia woga. Siku hizi hata kuku akikohoa unaruka kitandani."

"Ndiyo, naogopa," akasema. "Wewe hutaki kuogopa hata kidogo, ndiyo maana naogopa kwa wawili."

Mwindaji akacheka. Akina mama, mmeshachekwa hivyo? Unasema kitu kilichokunyima usingizi, mwenzako anacheka, tena kwa upendo kabisa, na unabaki na hofu yako kama mtu aliyeshika sufuria ya moto hana pa kuitua.

Yule mwanamke hakugombana. Aliitafuta ile kalibu darini, akaifunga kwenye kanga, akaenda kwa mhunzi. Mhunzi akaigeuza geuza, akamtazama na mtoto wake mgongoni.

"Mama, siku hizi wewe ndiye unayekwenda kuwinda?"

"Nakwenda," akajibu. "Namwinda mume wangu."

Mhunzi alicheka mpaka akaweka nyundo chini. Akamyeyushia madini ya risasi, akamimina, ikatoka risasi moja, nzito, laini kama tunda. Moja tu, maana madini aliyokuwa nayo hayakutosha ya pili. Mwanamke akarudi nayo. Akachana pindo la kitenge chake cha zamani, akalipaka mafuta, akaivingirisha. Kisha akaumwaga ule mchanganyiko wote, misumari, nondo, na kile kitasa, kwenye shimo la choo. Ndani ya mfuko wa ngozi akaacha ile moja.

Sitaki kuwadanganya, aliogopa kumwambia. Akauning'iniza mfuko mahali pake.

Asubuhi mwindaji akaenda zake. Kafika porini, kaona swala kwa mbali kwenye vichaka, kamimina baruti, katia mkono mfukoni achote kiganja. Hakuna kiganja. Kuna kitu kimoja kinachoteleza kwa mafuta, kimefungwa kwenye kitenge anachokijua.

Wapendwa, alikasirika! Na ukiwa na risasi moja huwezi kufyatua vichakani ukaomba bahati. Lazima usogee. Lazima usubiri mnyama akupe ubavu, ujue moyo uko wapi. Swala wale akawaacha wakapita. Akaishindilia hiyo moja mtutuni, akazunguka nayo asubuhi yote, na kila alipotembea alikuwa anakusanya maneno ya kwenda kumwambia mkewe. Akatia la huo mfuko. Akaongeza la ugali ulioungua. Akaongeza la mama mkwe. Akachokonoa la siku ya harusi, la shangazi wa upande wa mke aliyesema vile. Akaongeza la woga, kwamba mwanamke mwoga atamlelea mtoto mwoga. Alipokaribia nyumbani jua likiwa bado juu, kifua kilikuwa kimejaa.

Pembeni mwa shamba lake akasimama. Pongo! Dume zuri, liko katikati ya maharage linakula majani taratibu kama limekaribishwa. Shamba kimya. Mwindaji akashuka chini, akatambaa. Akasogea mpaka akaona sikio linavyofukuza nzi. Mkono ulitaka kufyatua, lakini moyo ukamwambia, iko moja, iko moja. Akasubiri. Pongo likageuka, likatoa ubavu. Akavuta.

Pongo lilianguka pale pale, halikupiga hata hatua.

Na kabla moshi haujaisha, kwenye mihogo, hapo hapo pembeni ya pongo, mtoto akalia.

Mnaelewa alikuwa mtoto gani? Yule mama alikuwa amekuja kupalilia. Jua likamchosha, akatandika kanga kivulini mwa mihogo, akalala ubavu akimnyonyesha, na nyie mnajua kulivyo, wakalala wote wawili. Ndiyo maana shamba lilikuwa kimya. Ndiyo maana pongo lilikuja. Sasa akasimama katikati ya majani, mtoto kamkumbatia kifuani, macho yametoka, hajui hata ni nini kimelia.

Mwindaji alilitupa gobore. Alikimbia akamshika mtoto kichwa, mikono, tumbo, miguu, akamgeuza, akamrudisha, akamshika mkewe mabega. Halafu akaingia kwenye ile mihogo, akapiga magoti, akaanza kuyatazama majani, moja moja. Hakuna lililotoboka. Akaitazama kanga iliyotandikwa. Usawa wa goti. Na sasa alijua vile vingine huwa vinakwenda wapi.

"Umenikasirikia?" mkewe akauliza, sauti ndogo. "Nilivimwaga. Niliogopa kukuambia."

Kumbukeni kifua chake kilikuwa kimejaa. Ugali ulikuwemo, mama mkwe alikuwemo, shangazi, harusi, yote yameshindiliwa tangu asubuhi. Na mtoto yuko hapo hapo, kati ya mdomo wa baba na uso wa mama.

Akafungua kinywa. Likatoka moja.

"Asante," akasema.

Hakuongeza. Jioni ile mwanamke akanywa supu.

Sasa nisikilizeni, maana hamkuacha kazi zenu mje kufundishwa uwindaji. Gobore tunalo sisi, sote, na tunalilisha kila siku. Sisi tukiudhiwa tunafanya nini? Tunachagua? Hatuchagui! Tunachota kiganja. Mume kachelewa kurudi, kosa ni moja, lakini tunatia na la mwaka juzi, na la dada yake, na la kwao, na lile tuliloapa mbele za Mungu kwamba tumesamehe, tunashindilia, puu, tukisema kimoja lazima kimpate. Na kitampata, sikatai. Ila hatakufa, atakimbia nacho, akavuje damu mahali tusipopaona.

Simwambii mtu anyamaze. Yule mwanamke hakumwambia mumewe aache kuwinda. Nyumba ilihitaji ile nyama. Kuna neno la kweli linalopaswa kusemwa, aliyekosea aambiwe. Lakini liwe moja. Liwe linaloenea kwenye kosa lenyewe. Tukae nalo lipoe, tulivingirishe kwenye kitu laini, tusogee karibu na mtu wetu mpaka tumwone vizuri, ndipo tuliseme.

Mimi ni mama mchanga, naogopa vitu vingi. Naogopa homa, naogopa nyoka, naogopa usiku mtoto akinyamaza sana. Lakini hofu iliyonileta hapa mbele leo ni hii: tunagombana wawili, tunadhani chumbani tuko wawili, na tunasema mtoto kalala, hasikii, bado mdogo, haelewi. Porini kuna nani? Tumewahi kupiga magoti tukayatazama majani?

Leo tukifika nyumbani na vifua vimejaa, tuumwage mfuko kwanza. Tubaki na moja. Maana nyuma ya kila mtu tunayemlenga, hatua chache tu pembeni, kuna kanga imetandikwa.