Sultani Aliyetaka Kuletewa Joto

Hapo zamani, zamani hasa, wakati jua lenyewe lilikuwa bado halijafunzwa adabu, palikuwa na mji uitwao Kiwandeo, na katika mji huo aliishi msukaji wa vipepeo vya ukili, vile vya kujipepea, jina lake Shekue. Huyu Shekue alikuwa fukara wa kutajika. Kanzu yake ilikuwa na matundu mengi hata mkewe, akiifua, hakujua tundu lipi ni la kutolea kichwa na lipi ni la umaskini.

Basi mji ule ulikuwa na desturi ya gulio la mafundi. Kila mwaka, kaskazi ikishakolea, mafundi wa pande zote walikusanyika katika uwanja ulio mbele ya jumba la Sultani, wakauza kazi za mikono yao kwa muda wa siku saba: wasuka mikeka, wafinyanzi, washona kofia, wafua shaba, kila mtu na mahali pake. Alichopata mtu siku hizo saba ndicho alichokula mpaka mwaka wa pili. Na aliyeacha mahali pake wazi, hata siku moja, pakapewa mwingine, wala hakurudi tena maisha yake.

Ikawa mwaka ule Sultani Badawi bin Mahfudhi alisimama kwenye roshani, akautazama uwanja, asipendezwe. Vibanda vya makuti vilikuwa vimesimama huku na huku, kimoja kirefu, kimoja kifupi, kingine kimeinama kama kimetoka ngomani. Akamwambia Waziri wake, Dhulkifli, "Uwanja wangu umefanana na mdomo wa kibogoyo. Sitaki kuona paa hata moja. Nataka nikitazama toka hapa nione rangi za mikeka na mng'aro wa shaba, kana kwamba nimetandikiwa zulia."

Waziri, ambaye kazi yake ilikuwa kukubali kabla hajaambiwa, akawa ameshakubali. Mbiu ikapigwa siku ile ile kwamba ni marufuku kivuli uwanjani, kiwe cha makuti, kiwe cha nguo, kiwe cha namna yoyote atakayoibuni mtu.

Na kaskazi ya mwaka ule haikuwa ya mzaha. Ikifika saa nne za asubuhi, ukili ulikauka mkononi na kukatika kama tambi. Mishumaa ya nta iliinama kwanza, ikapiga magoti, kisha ikalala kabisa. Kuku wa askari mmoja alitaga yai juu ya mawe, na waliokuwapo wakaapa kwamba liliiva kabla kuku hajamaliza kujisifu.

Watu wakatafuta hila. Mwanamke mmoja muuza kofia alijitia leso iliyoloa kichwani. Askari akamwendea.

"Hili ni paa."

"Hii ni leso, mwanangu."

"Imekaa juu yako?"

"Imekaa."

"Inazuia jua?"

"Kidogo."

"Basi ni paa," akanena askari, akaichukua.

Mwingine alivaa pama, kofia ya ukingo mpana, nayo ikachukuliwa. Shekue akatumbukiza miguu katika bakuli la maji, na jambo hilo halikukatazwa na mtu, ila maji yalipata moto kabla miguu haijapata baridi. Akapita mzee mmoja mtani wake, akamwambia, "Weye Shekue, wauza vipepeo, mbona wachuruzika jasho hivyo? Jipepee, bwana."

"Nikijipepea, kipepeo kitakuwa kimekwisha tumika," akajibu Shekue. "Nani atanunua?"

Lakini siku ya tatu mzaha ulimtoka. Mkewe, Mwanasiti, aliyekuwa akiuza vyungu kando yake, alimsemesha jambo, naye akamjibu, na mke hakumrudishia. Haikuwa kawaida ya Mwanasiti kumwachia mumewe neno la mwisho. Shekue alipogeuka akamwona ameanguka katikati ya vyungu, midomo imekauka, hana hata tone la jasho. Wakambeba yeye na wafinyanzi wawili mpaka nyumbani, wakamlaza, wakammwagia maji na kumnywesha kidogo kidogo, na ilipofika alasiri akafumbua macho.

"Vyungu vingapi vimevunjika?" akauliza.

"Hakuna."

"Muongo. Nimesikia."

"Viwili. Kile kikubwa ndicho kilichokukinga kichwa, Mungu akirehemu."

"Kesho nitavipanga upya."

"Kesho huendi kokote, Mwanasiti. Ukianguka tena hutaamka kuniuliza vyungu."

"Nisipokwenda, mahali pangu panachukuliwa. Tutakula nini mwaka mzima, vipepeo?"

Shekue akainuka. Basi akaitengeneza kanzu yake, akachagua tundu lililo sawa, akaenda kwa Sultani.

Alimkuta kwenye roshani, watumishi wawili wakimpepea, bilauri ya ukwaju mkononi, na miguu imo katika beseni pana la maji ya waridi. Waziri na wakubwa wa mji walikuwa wameketi kumzunguka.

Shekue akainama. "Maulana, nimekuja kukuarifu. Uwanjani pana joto la kuua. Mke wangu limemwangusha leo. Naomba turudishiwe vibanda."

"Joto gani?" akauliza Sultani. "Nimekaa hapa tangu asubuhi, sijaliona."

"Limekaa kule chini, Maulana. Nadhani limeogopa ngazi zako."

Wakubwa wakacheka. Sultani hakucheka, maana alikuwa hapendi mtu mwingine achekeshe barazani pake.

"Ewe Shekue," akanena, "ulimi wako ni mrefu. Haya, kesho adhuhuri niletee hilo joto hapa juu, nami nilione. Likiwa kama usemavyo, vibanda vitarudi. Likiwa si kitu, wewe na mkeo hamtauza tena Kiwandeo, hata kijiti. Wala usiniletee moto, wala kaa, wala maji ya moto, kwani hivyo navijua. Nataka joto la jua, kama lilivyo."

"Labeka, Maulana. Nilichukue kwa chombo gani?"

"Chombo ukipendacho. Lichukue hata kwa ungo."

"Na mahali pa mke wangu, kesho?"

"Patamngoja mpaka adhuhuri. Baada ya hapo, shauri yako."

Shekue akashuka ngazi huku wakubwa wakimcheka mgongoni, mmoja akimpa shauri alifunge joto ndani ya mfuko. Akaenda polepole, akiwaza. Na alipofika uwanjani akasimama, kwa sababu alikumbuka kwamba kesho ni siku ya nne, nayo siku ya nne ilikuwa na desturi yake.

Desturi yenyewe ni hii. Siku ya nne mafundi humpelekea Sultani kazi moja iliyo bora, naye huijaribu mbele ya watu. Kama ni kofia, huivaa. Kama ni mkeka, huulalia. Kama ni kiti, hukikalia. Na akishaanza kujaribu, hupigwa siwa, baragumu kubwa la enzi, naye haruhusiwi kuiacha ile kazi mpaka siwa inyamaze. Sultani akiiacha mapema, huhesabiwa kwamba amezikataa kazi za watu wake, na wazee husema kwamba Sultani wa namna hiyo hamalizi mwaka kwenye enzi. Hakuna aliyewahi kuhakikisha, maana hakuna Sultani aliyewahi kuthubutu.

Basi Shekue akaenda moja kwa moja kwa Mbaraka, fundi wa shaba, ambaye mwaka ule ndiye aliyepewa zamu.

"Fundi, kazi yako imekwisha?"

"Imekwisha. Kiti cha shaba tupu, miguu mpaka kikalio. Nimekifunika gunia, kinangoja."

"Kesho asubuhi kifunue, ukiweke katikati ya uwanja, kiote jua."

"Kitapata moto, Shekue."

"Ndivyo."

Mbaraka akafikiri. Wafua shaba hufikiri taratibu, kwa ajili ya makelele waliyoyazoea. "Jambo hili," akasema mwisho, "likiharibika, mtu hukatwa mkono au kichwa?"

"Sultani mwenyewe ameamrisha aletewe joto. Baraza zima limesikia."

"Wewe umeamrishwa. Mimi je?"

"Wewe umetengeneza kiti. Jua si kazi yako."

Mbaraka akaona hilo ni neno la haki.

Siku ya nne ikapambazuka, na jua likatoka kana kwamba limelipwa. Kile kiti kilikaa uwanjani tangu asubuhi mpaka adhuhuri, mjusi mmoja akajaribu kukipanda, akaghairi. Mwanasiti alikuwa nyumbani, amelazwa kwa amri ya mumewe, roho yake iko kwenye vyungu. Adhuhuri ilipoingia, Shekue na watu wanne wakakibeba kiti kupanda ngazi, mikono yao imefungwa magunia yaliyoloa. Waziri alipowaona akawasifu sana.

"Tazama adabu, Maulana. Hawataki hata kukigusa kiti chako kwa mikono mitupu."

"Wanajua mahali pao," akanena Sultani. Akamtupia jicho Shekue. "Nawe, joto langu liko wapi?"

"Nimelileta, Maulana. Jaribu kwanza kazi ya mafundi, ndiyo desturi, kisha utaniambia kama hujaliona."

Sultani akakunja joho lake, akageuka, akaketi.

Na mpiga siwa akaanza. Huyu alikuwa mzee aitwaye Bwanaheri, kifua kama pipa, ambaye kazi yake ilikuwa kupiga siwa mara moja kwa mwaka, na miezi iliyobaki alikuwa akijiandaa. Sauti ikatoka nzito, ndefu, ikaenda mpaka ng'ambo ya mji.

Kwanza Sultani alitulia. Halafu uso wake ukawa kama wa mtu anayejaribu kukumbuka jina la jamaa yake. Halafu akalikumbuka. Macho yakamtoka, akanyanyua ubavu wa kulia, akaushusha, akanyanyua wa kushoto, naye akaona kwamba yale makalio mawili yanaweza kupokezana lakini hayawezi kupumzika pamoja. Watu elfu walikuwa wakimtazama toka uwanjani. Akabaki amekaa.

"Waziri," akanong'ona kwa meno yaliyofungwa, "inakwisha lini?"

"Bado sana, Maulana. Hapo ni utangulizi tu."

Jasho likamtiririka Sultani, na nyuma ya jasho yakaja machozi. Bwanaheri akayaona yale machozi. Kwa miaka arobaini alikuwa amepiga siwa mbele ya masultani watatu, na hakuna hata mmoja aliyewahi kupepesa jicho. Sasa huyu hapa analia. Moyo wa mzee ukajaa, akavuta pumzi mpya kupitia pua, akarudia toka mwanzo.

Mwisho, kwa rehema ya Mola na udhaifu wa mapafu, siwa ikanyamaza. Sultani akaondoka kitini kwa namna isiyopata kuonekana katika ukoo ule: makalio yalitangulia, enzi ikafuata nyuma. Akaliendea beseni la maji ya waridi, akaketi ndani yake na joho lake lote. Wapo wanaosema maji yalitoa sauti, kama chuma cha mhunzi.

Watumishi wakaacha kupepea.

"Shekue," akanena Sultani toka ndani ya beseni, "ni nini hiki?"

"Ni joto, Maulana. Hapana moto, hapana kaa, hapana maji ya moto. Ni la jua, kama lilivyo. Kuhusu chombo, ungo ulivuja, basi nikatumia kiti."

"Nilisema nataka nilione."

"Umeliona, Maulana. Na sisi sote tumeona kwamba umeliona."

"Akatwe kichwa," akasema Waziri.

"Nyamaza, Dhulkifli, au njoo ukae hapo." Na Waziri akasogea mbali na kiti. Sultani akajigeuza ndani ya maji, akamwelekea Shekue. "Huko chini ndivyo mnavyokaa?"

"Tangu asubuhi mpaka magharibi, Maulana. Na sisi hatupigiwi siwa."

Sultani akajaribu kukasirika. Lakini mtu aliyekaa ndani ya beseni, waridi zikielea pande zote, hasira haimkai vizuri. Kona ya mdomo ikamponyoka, ikafuata ya pili, akacheka mpaka maji yakamwagika sakafuni, na wakubwa, walipokwisha kuhakikisha kwamba kweli anacheka, wakacheka kwa sauti zaidi yake. Bwanaheri peke yake hakucheka, maana alikuwa akifuta machozi kwa ajili ya sanaa.

"Vibanda virudi," akaamuru Sultani. "Kila fundi achague urefu na upana wa kivuli chake, wala asipimwe na mtu. Muuza kofia arudishiwe leso yake. Na mahali pa Shekue na mkewe ni pao wao na watoto wao, wauze au walale."

"Tangu mwanzo, Maulana," akasema Waziri, "niliona vibanda vile vilikuwa na haiba yake."

Siku ya sita Mwanasiti akarudi uwanjani, akaketi chini ya makuti mabichi, vyungu vimepangwa upya na kile kikubwa kikiwa na pengo lake, akigombana na wanunuzi kwa nguvu zake zote za zamani. Mchana watu wakaona jambo geni: Sultani ashuka kwa miguu yake, apita katikati ya vibanda, akitembea taratibu, miguu ameitanua, kama mtu aliyebeba mayai ndani ya suruali. Akanunua mito tisa ya sufi kwa muuza mito, wala hakuuliza bei. Kisha akafika penye vyungu.

Mwanasiti hakuwapo siku ile ya kiti, wala mumewe hakuwa amemhadithia yote, kwa kuogopa kichwa chake. Akainuka kwa heshima, akasogeza kigoda chake cha mti.

"Karibu kitako, Maulana."

Uwanja mzima ukaacha kupatana bei. Shekue akatazama pengine. Sultani akakiangalia kile kigoda, akamwangalia Shekue, akakiangalia tena kigoda.

"Hiki," akauliza kwa upole, "kimeshinda wapi?"

"Kivulini, Maulana," akajibu Mwanasiti.

Sultani akainama, akakigusa kwa kiganja, kama mama agusavyo paji la mtoto mwenye homa. Akageuza mkono, akakigusa tena kwa mgongo wake. Kisha akaketi, kidogo kidogo, upande mmoja kwanza, akashusha pumzi. Na ndipo na watu wengine wote wakashusha za kwao.