Muhanga Asiye na Mlango

Paukwa!

Pakawa!

Nani huyo anaguna huko nyuma? Wewe. Hata sijaanza, umeshanibetulia mdomo. Unasema muhanga ni mnyama wa kutunga, hujawahi kumwona. Na utumbo wako umeuona lini? Mbona chakula unakula? Kaa chini. Muhanga yupo: masikio ya punda, pua ya nguruwe, kucha kama jembe. Asiyetaka kusadiki atoke nje akahesabu kuku. Paukwa tena, na safari hii muitike kwa tumbo!

Pakawaaa!

Hapo zamani za kale, kabla bibi wa bibi yangu hajaota jino, mashimo yote ya mbugani yalikuwa na fundi mmoja, Bi Muhanga. Nungunungu alilala shimo la Muhanga. Fisi alilala shimo la Muhanga. Mbweha, ngiri, mpaka nyoka asiye na shukrani, wote mashimo ya Muhanga. Wenyewe kuchimba hawakujua. Kazi yao kupiga hodi.

"Hodi!"

"Karibu!"

"Shimo langu limekuwa dogo."

Kwaru, kwaru, kwaru, Muhanga anachimba.

"Hodi!"

"Karibu!"

"Shimo langu linaingia upepo."

Kwaru, kwaru, kwaru.

Asubuhi hodi, mchana hodi, jioni hodi. Akila mchwa, anakula amesimama. Akilala, jicho moja linangoja mgeni. Nyumba yake mwenyewe haikuwa na mlango. Marehemu mama yake alimfundisha: mtu akipiga hodi, muitike. Basi akaona mlango wa nini, si utamchelewesha kuitika tu?

Siku moja akaja Bi Ngiri, tumbo limemtangulia.

"Hodi, shoga yangu."

"Karibu, shoga."

"Mbayuwayu wamerudi. Siku nane, mvua hii hapa. Nina watoto tumboni na sina pa kuwazalia. Mvua ikinikuta nje, watakwenda na maji."

Muhanga akaanza siku hiyo hiyo. Kwaru, kwaru... mkono ukasita. Kwaru... mkono ukatetemeka. Akajilazimisha, akamaliza. Bi Ngiri akainama aingie. Aliingiza pua tu, puuu! Dari lote chini.

Vumbi lilipotulia, Bi Ngiri alikuwa amekaa kitako, pua imejaa udongo.

"Muhanga," akauliza taratibu, "ningekuwa nimeshaingia?"

Muhanga akaitazama mikono yake. Tangu azaliwe, shimo lake halijapata kuanguka. Mikono ilikuwa inacheza kama majani.

Wakaja wenye ushauri, hao hawakosekani. Fisi akasema, "Umerogwa." Nungunungu akasema, "Huo ni uvivu unaanza. Chimba zaidi, utakutoka." Kesho yake akachimba zaidi. Puuu! La pili nalo chini. Zikabaki siku saba.

Kainamisha kichwa, hajui la kufanya, mara akasikia juu ya jabali: Kwiii!

Ni Pimbi. Pimbi ni mnyama mdogo, ukimtia kikapuni inabaki nafasi ya mboga. Lakini ndiye mlinzi wa mbuga nzima. Tai akitokea, kwiii! Chui akinyata, kwiii! Wote mashimoni. Miaka na miaka, hajakosea hata mara moja. Macho yake makali kama sindano mpya.

Huyu hachoki? Muhanga akajiuliza. Anakula nini? Wote walijua kwamba jua likifika utosini, Pimbi huingia pangoni akajifungia kwa jiwe bapa, dada yake akashika zamu. Ndani kuna nini? Wengine walisema kibuyu cha dawa. Wengine walisema jini. Muhanga akaona, maneno ya watu ya nini? Nitakwenda nikaone mwenyewe.

Alfajiri akapanda jabali, hatua moja, pumzi tatu. Akajificha nyuma ya kichaka, akachungulia.

Jua likatoka, na Pimbi akatoka. Akajilaza juu ya jiwe, mgongo juani. Akanyamaza. Muhanga akangoja dawa. Dawa haikuja. Pimbi alilala vile vile mpaka manyoya yakapata moto. Kisha akaramba umande, jani kwa jani, bila haraka. Kisha akala, amekaa, anameza hili kabla ya kutia lile. Kisha akajichana kwa ule ukucha wake mrefu wa mguu wa nyuma, ubavu huu, ubavu ule. Ndipo akapanda zamu. Kwiii!

"Asubuhi yake ndiyo hii?" Muhanga akashangaa. "Basi dawa iko ndani."

Jua likafika utosini. Jiwe likafungwa, grrr. Muhanga akasogea.

"Hodi!" Kimya.

"Hodi!" Kimya.

"Hodi!" Kimya.

Adabu ilimtaka ageuke aende zake. Hakwenda. Akasukuma jiwe, akaingiza kichwa, masikio yakakwama, akayakunja, akaingia tena. Hakuna kibuyu. Hakuna jini. Kuna Pimbi, miguu juu, anakoroma: korrr, fyuu. Korrr, fyuu.

Muhanga akapiga chafya.

Pimbi akafumbua jicho moja. "Wewe! Kwenu hodi ni ngapi?"

"Tatu."

"Umepiga ngapi?"

"Tatu."

"Umejibiwa?"

"Sikujibiwa."

"Sasa hiyo pua inafanya nini nyumbani kwangu?"

"Naitafuta dawa yako, Bi Pimbi. Mikono yangu imekufa. Bi Ngiri atazalia mvuani."

"Dawa ndiyo hiyo umeshaivunja. Na ilikuwa tamu!"

"Kulala?"

"Kulala. Na lile jua, na ule umande, na kula umekaa. Si ulikuwa unanichungulia tangu alfajiri? Masikio hayo yanafichwa na kichaka gani?"

Muhanga akaona haya. "Ni hayo tu?"

"Ni hayo tu, kila siku. Wewe umewachimbia wote. Mlango wako uko wapi?"

"Sina. Mama alinifundisha kuitika hodi."

"Vizuri. Na hukuuliza kwa nini hodi ni tatu, si moja? Kwa sababu pengine ndani mtu amelala. Pengine anaoga. Pengine anakula. Asiyeitika hajakutukana, amekwambia si sasa. Somo la mama yako ulilichukua nusu. Haya, rudisha jiwe langu."

Muhanga akateremka. Akabiringisha donge kubwa la kichuguu, likawa mlango. Siku ya kwanza akakaa juani, akawashwa mwili mzima kwa kukosa kazi. Mchana akajifungia. Mara:

"Hodi!" Ni Fisi.

Mdomo ukafunguka wenyewe, "Ka..." Akauziba kwa mikono miwili.

"Hodi!" Akaubana zaidi.

"Hodi! Ah, huyu amekufa nini?" Kisha nyayo, cha, cha, cha, zinaondoka.

Muhanga akatega sikio. Mbingu iko pale pale. Fisi hakudhurika. Kumbe inawezekana! Akalala mpaka akaota.

Siku ya pili kadhalika. Siku ya tatu akala mchwa amekaa, akagundua kwamba mchwa ni watamu. Umri wote ule hakujua. Siku ya nne akanyoosha mikono mbele ya uso. Tuli. Siku ya tano, wingu limeshakuwa jeusi, akaenda kwa Bi Ngiri. Kwaru, kwaru, kwaru! Akapumzika, akanywa maji. Kwaru, kwaru, kwaru! Akamaliza, akapanda juu ya dari akaruka kwa miguu yote minne. Halikutikisika. Akaweka na mlango.

Siku ya sita mvua ikashuka. Bi Ngiri akazaa wanne, ndani ya shimo kavu.

Mvua ilipokatika, wanyama wakaja kumpa mzazi hongera, wakajaa humo ndani. Hongera hazijapoa, Fisi akaanza.

"Muhanga siku hizi ana maringo. Unapiga hodi mpaka koo linakauka."

"Kweli," akasema Nungunungu. "Na shimo langu linavuja. Inuka twende ukanichimbie."

"Mimi kwanza!"

"Wewe ulichimbiwa juzi!"

Bi Ngiri akawakatiza. "Tazameni dari hili. Mnataka la namna hii, au lile lililonijaza udongo puani?"

Wakalitazama dari, kisha wakaanza upya. Muhanga akachungulia nje. Jua liko utosini.

"Kesho asubuhi," akasema, "nikishakula."

"Leo!" wakapiga kelele.

Muhanga akawanusa watoto wanne, mmoja mmoja. Akatoka. Akavuta mlango nyuma yake, grrr, pah! Akaenda zake kulala. Wakabaki wanabishana na mlango.

Somo lenyewe si refu. Mwili unaowafanyia kazi watu wote unadai jua lake, maji yake, chakula cha kukaa na usingizi, kila siku, si siku umeshaanguka. Ukiunyima, kazi yako itamwangukia mwenzio kichwani.

Ngano yangu naikata papo hapo. Jua nalo limefika utosini. Unataka kuuliza nini tena, wewe uliyeguna? Mimi natoka, na mlango huu naufunga. Hodi ni tatu. Mkisikia kimya, nendeni kwenu.