Mwonjaji wa Halwa ya Salem

Wallahi, kisa hiki ni cha kweli tangu bismillahi hadi nukta ya mwisho. Hakikutiwa chumvi hata punje; kama kuna kilichoongezwa, basi ni sukari. Kinamhusu mtu aliyeona jambo dogo, akalipuuza, likakua hadi likamwelemea yeye na watu wa nyumbani mwake.

Zamani za Mwingereza, kabla ya vita vya pili, hapakuwa na halwa Kariakoo iliyoifikia ya Salem bin Humoud. Ilikuwa nyororo kama hariri, tena iking'aa hata mwanamke aliweza kujipaka wanja mbele yake. Kila karai lilipoepuliwa, Salem alimketisha bintiye Hamdiya, mwenye miaka minne, juu ya meza ya duka, akamlisha tonge la kwanza. Mtoto akitabasamu, wateja husema, "Imeiva!" Mama yake, Azza, alichungulia nyuma ya pazia, kifua kikimvimba kwa fahari.

Mpaka siku alipoona tundu jeusi kwenye gego la mwanawe.

"Baba Hamdiya, jino la mtoto limetoboka."

"La utotoni hilo! Litang'oka lenyewe. Wewe umewahi kumwona mzee mwenye meno ya utoto?"

Azza akacheka, yakaisha. Likatoboka la pili. Hamdiya akawa anatafuna upande mmoja, kisha akaacha kutafuna kabisa, akaishi kwa uji uliopoa. Usiku alilia kilio kilichowafanya walinzi wa Posta wakurupuke wakidhani meli imepiga honi. Nyumba ikalala jicho moja. Azza aliunguza wali siku tatu mfululizo. Salem, mtu wa mizaha, akawa mkali kama siki, akagombana hata na paka. Chakula kilichozoea kuliwa kwa vicheko sasa kililiwa kimya kama cha matanga. Na ili mtoto anyamaze, baba alimpa nini? Halwa.

Ijumaa moja, baada ya swala, akaja Mzee Ramadhan wa Msimbazi, aliyekuwa akimwoza binti yake Jumapili. Salem, kwa kujiamini, alikwisha kulitenga motoni karai la arusi. Duka lilifurika watu. Akamlisha mtoto tonge la halwa ya asubuhi. Hamdiya akapiga ukelele, akalitema.

"Loo! Mwonjaji kakataa!" mmoja alisema.

"Katia shabu huyu, inakwaruza ulimi," mwingine akadakia.

"Ana usingizi tu," Salem alijitetea, jasho likimtiririka.

"Usingizi wa mchana kweupe?" Mzee Ramadhan alikusanya kanzu yake. "Bwana Salem, sitaki wageni wangu wakimbie arusini."

Salem alitupa jicho kwenye pazia, jicho la kumsihi mkewe anyamaze. Azza hakunyamaza. Alijitanda vizuri, akatoka mbele ya wanaume wote, akamkumbatia mwanawe, akaonyesha shavu lililoumuka kama andazi.

"Halwa haina kosa, Mzee wangu. Meno ndiyo yametoboka. Tuliyaona mapema tukayadharau, mimi na baba yake."

Mzee Ramadhan akaiachia kanzu.

"Basi halwa yenu naitaka. Lakini mtoto huyu apelekwe kwa daktari leo hii."

Hapo ndipo palipokuwa na kazi. Halwa ikianza kushika motoni hukorogwa kwa saa mbili bila kupumzishwa, na Salem alikuwa hajapata kumwachia mtu mwiko wake. Daktari wa meno kule Uhindini naye alikuwa karibu kufunga mpaka Jumatatu. Salem alilitazama karai, akalitazama lile shavu.

"Mama Hamdiya, shika mwiko."

"Mimi?"

"Nani mwingine? Umenichungulia miaka sita, unadhani sikuoni?"

Azza alikoroga mpaka mabega yakawaka moto. Salem alirudi magharibi, mtoto amelala begani, meno matatu yamefungwa kwenye leso.

"Daktari kanifokea kama mtoto wa madrasa. Anasema uozo ulikuwa ukishuka kuyafuata meno makubwa yaliyo chini. Kuanzia kesho, mswaki asubuhi na jioni. Halwa, Idi kwa Idi."

Kisha akaonja ya karaini. Akaonja tena.

"Umenishinda," alisema taratibu.

"Najua," Azza akajibu.

Usiku ule nyumba ililala fofofo. Na meno mapya yalipoota, meupe pe, Azza alimtembeza bintiye sokoni kama askari anayeonyesha nishani.

Kisa kingeishia hapo, lakini Hamdiya mwenyewe, sasa bibi wa watu, alisomewa karatasi hizi.

"Mwongo mkubwa! Meno yalikuwa mawili, na kilio changu hakikuvuka hata mtaa!"

Mwandishi, aliyeapa kwa Mungu, akatozwa faini: kikapu cha karanga. Bibi akazitafuna zote mbele yake kwa magego yake mwenyewe, huku mwandishi, mwenye mapengo, akimeza mate. Wahenga hawakukosea: mdharau mwiba, mguu huota tende.