Rangi za Mzazi wa Jani la Mbono

Aliye na mtoto ampakate, maana haya ni mambo ya wazazi. Zamani hizo wadudu wote walikuwa na rangi moja tu, ya majivu. Kipepeo alikuwa wa majivu, kerengende wa majivu, na hata mbawakawa anayeringa leo alikuwa majivu matupu.

Siku moja baada ya mvua kubwa, upinde wa mvua uliinama mpaka ncha yake ikatumbukia katika dimbwi la bondeni. Maji yakawaka rangi. Mbiu ikapigwa kwamba atakayeoga humo kabla jua halijawa kali atatoka na rangi ya kudumu, na kwamba jambo hilo halitatokea tena. Wadudu wakafurika njiani kama watu waendao harusini.

Kando ya njia hiyo, juu ya jani la mbono, alikuwapo Mwanakheri, mdudu mwenye mgongo mpana kama ngao. Alikuwa ametaga mayai yake ya kwanza, naye amesimama juu yake. Shoga yake Kipepeo akatua hapo jirani.

"Shoga, twende! Mayai hayana miguu, utayakuta papo hapo."

"Ndiyo hofu yangu, shoga. Hayana miguu ya kukimbilia."

"Haya, baki na majivu yako," Kipepeo akasema, akaruka zake.

Tusimsingizie utakatifu: Mwanakheri alitamani. Aliitazama ile nuru ya bondeni mpaka machozi yakamlengalenga. Angeridhika na doa moja jekundu tu, hata dogo. Lakini kila alipoinua mguu aliurudisha.

Njia ilipokuwa tupu, siafu wakapanda shina la mbono. Mkubwa wao akasema, "Mama, tupishe. Wewe hatuna haja nawe."

"Mkiwa na haja na wanangu, mna haja nami," Mwanakheri akajibu.

Akalikumbatia jani kwa miguu yote, akayafunika mayai. Walipomuuma kulia aliinamisha mgongo kulia. Walipohamia kushoto aliwafuata huko huko. Mgongo ukachanika. Hakuogopa kufa, aliogopa kufa mapema, kabla siafu hawajachoka. Hapo mkubwa wa siafu, ambaye hakuwahi kurudishwa na maji wala moto, akasimama. Akamtazama yule mama asiyeachia jani hata mgongo ulipochanika. Kisha akaigeuza safu yake yote, wakateremka. Jamani, siafu kurudi nyuma! Hata nyenje waliacha kulia.

Wadudu wenzake Mwanakheri wakarudi kutoka dimbwini wakiimba, rangi zingali mbichi mwilini. Kipepeo ndiye aliyemwona kwanza, na wimbo ukamfia kinywani. Akakumbuka neno tulijualo sote, kwamba mzazi haendewi mikono mitupu. Asubuhi walipita kwa mzazi huyu bila hata hongera, na sasa hawakuwa na kitu isipokuwa kile walichovaa.

Kipepeo akalaza bawa lake jekundu juu ya jeraha. "Hongera, mzazi," akasema akilia. "Nisamehe, shoga yangu."

Rangi ikabaki pale, na damu ikakoma. Kerengende akampangusa kwa buluu yake, mbawakawa akampa kijani, nyuki akamgusia manjano. Walipomaliza, hakuna aliyeoga dimbwini aliyeweza kumfikia kwa uzuri. Wakaduwaa, maana alipata rangi zote bila kubandua mguu. Na chini ya tumbo lake mayai yakaanza kupasuka. Watoto wakatoka wakimpapasa mama yao, na kila aliyemgusa akapata wekundu kidogo.

Na tangu siku hiyo ukimshika kipepeo rangi yake hubaki kidoleni, kwa kuwa alijifunza kuitoa. Na yule mama wa jani la mbono hajifichi. Huvaa rangi zake mchana kweupe, na siafu wakiziona hukumbuka. Nanyi mkimkuta juu ya mayai yake, akauinamisha mgongo upande wa kidole chenu, mwambieni, "Hongera, mzazi." Kama mikono yenu ni mitupu, basi mpeni jua: ondoeni kivuli chenu, mpite.